Tishu ya Moyo Iliyokuzwa Maabarani Pamoja na Neva Zake: Ufafanuzi wa Mbinu na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Msamala, Songea

IKISIRI

Makala haya yanafafanua mbinu ya kukuza tishu ya moyo wa binadamu maabarani ikiwa imeunganishwa na seli za neva, na yanaeleza kwa nini muunganiko huo ni muhimu katika kuyachunguza magonjwa ya moyo. Hoja kuu ni kwamba tishu ya msuli pekee huonyesha namna moyo unavyodunda, lakini haionyeshi namna unavyoamriwa. Na magonjwa mengi hujitokeza pale amri na msuli vinapokutana. Makala yanaeleza uhusiano wa moyo na neva, hatua za utengenezaji wa tishu, vigezo vya kuthibitisha kwamba muunganiko upo kweli, mchango wa mbinu hii na mipaka yake. Kisha yanajadili masharti yatakayoiwezesha elimu hii kumnufaisha mgonjwa wa Msamala, Songea, hususan chanzo cha seli zinazotumika, ubora wa kumbukumbu za tiba, na lugha ya kuombea ridhaa. Inapendekezwa kwamba istilahi za Kiswahili zisawazishwe kabla sampuli hazijachukuliwa.

Istilahi za msingi: tishu ya moyo, neva, nyuroni, seli shina, ridhaa, Songea

1.0 Utangulizi

Msamala ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Mkazi wa kata hiyo anayeugua moyo kwa kawaida huanzia katika zahanati au kituo cha afya, kisha hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hali yake ikihitaji upasuaji au uchunguzi wa kibingwa, rufaa inaweza kumfikisha katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Katika safari yote hiyo malalamiko yake huwa yaleyale: moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, miguu imevimba. Tabibu anayeyasikia hukabiliwa na swali la msingi: je, kasoro iko katika msuli wa moyo wenyewe, katika neva zinazouamuru msuli huo, au katika makutano ya vitu hivyo viwili?

Uzito wa swali hili unaonekana katika takwimu. Utafiti wa Makubi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 427 wenye tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi waliohudumiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Asilimia 45 ya wagonjwa hao waliathiriwa na shinikizo la juu la damu, asilimia 28 na magonjwa ya msuli wa moyo, na asilimia 12 na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulipata wastani wa umri wa miaka 52. Hawa ni watu walio bado katika umri wa kulea familia na kuzalisha mali.

Kikwazo kikubwa cha kuyachunguza magonjwa haya ni kwamba moyo wa mtu aliye hai haufikiki kwa urahisi. Damu huchotwa na ngozi huchunwa bila madhara makubwa, lakini kipande cha moyo hakichukuliwi ila kwa sababu nzito ya kitabibu. Aidha, moyo hauna uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Seli za msuli wa moyo wa mtu mzima hubadilishwa kwa kiwango kisichozidi takribani asilimia moja kwa mwaka. Wanyama wa maabara nao hawatoshi. Moyo wa panya hudunda zaidi ya mara 500 kwa dakika, ilhali wa binadamu aliyetulia hudunda kati ya mara 60 na 100. Dawa inayomfaa panya, au isiyomdhuru, haiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa itamfaa binadamu. Tishu ya moyo iliyokuzwa maabarani kutokana na seli za binadamu ni jaribio la kulijaza pengo hilo.

2.0 Moyo na Amri Zake

2.1 Moyo hudunda wenyewe

Msomaji anayeanza kuisoma mada hii hana budi kuutambua ukweli mmoja wa msingi: moyo hauhitaji amri ya ubongo ili udunde. Mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack walieleza kifundo kidogo cha seli kilichopo sehemu ya juu ya chemba ya kulia ya moyo, ambacho ndicho chanzo cha mapigo. Seli za kifundo hicho huzalisha msukumo wa umeme zenyewe, na msukumo huo huenea katika msuli mzima. Ndiyo maana moyo uliotolewa mwilini na kuwekwa katika kimiminika kinachofaa huendelea kudunda kwa muda.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana kwa mtu aliyepandikizwa moyo. Wakati wa upasuaji neva hukatwa, na moyo mpya hufanya kazi bila kuunganishwa nazo. Moyo huo hudunda takribani mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mwenyewe akiwa amepumzika, kwa kuwa neva inayoupunguzia kasi haipo tena. Mgonjwa huyo akianza kukimbia, mapigo yake hupanda polepole kwa kutegemea homoni zilizomo katika damu, na huchelewa kushuka baada ya mbio. Hivyo basi, neva haiuanzishi mdundo. Kazi yake ni kuurekebisha kulingana na mahitaji ya mwili.

2.2 Pande mbili za amri

Amri hizo huja kwa njia mbili. Neva za simpathetiki hutokea katika vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, na hutoa kemikali iitwayo noradrenalini. Kemikali hii hujishikiza katika vipokezi vya beta-1 juu ya seli za moyo, kalisi ikaingia kwa wingi zaidi ndani ya seli, na moyo ukadunda kwa kasi na kwa nguvu zaidi. Kwa upande wa pili, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka katika shina la ubongo, hutoa asetilikolini, ambayo hupunguza kasi hiyo.

Kwamba neva huzungumza na moyo kwa kemikali kulithibitishwa na Otto Loewi mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Alipoisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, moyo huo ulipunguza kasi. Kisha alichukua kimiminika kilichouzunguka moyo huo na kukitia katika moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza kasi. Kwa kazi hiyo, Loewi na Henry Dale walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Jaribio hilo liliweka kanuni ambayo mpaka leo huongoza mbinu inayojadiliwa hapa: ili kuielewa amri, ni lazima mtoaji wa amri na mpokeaji wake wawekwe mahali ambapo kila mmoja anaweza kuguswa peke yake.

2.3 Amri inapozidi

Moyo unapodhoofika, mwili hujaribu kuusaidia kwa kuzidisha amri za simpathetiki. Kwa muda mfupi msaada huo hufaa. Ukidumu kwa miezi na miaka, hugeuka kuwa mzigo: seli huchoka, vipokezi hupungua, na mapigo huvurugika. Kwa miaka mingi matabibu waliogopa kumpa mgonjwa wa aina hii dawa za kuzuia vipokezi vya beta, kwa hoja kwamba moyo dhaifu usizuiwe zaidi. Mwaka 1999 matokeo ya majaribio mawili makubwa, CIBIS-II na MERIT-HF, yalionyesha kwamba dawa hizo, zikianzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu, hupunguza vifo kwa takribani theluthi moja. Somo hilo lina uzito kwa mada yetu. Kosa la awali lilitokana na kuuangalia msuli pekee; wagonjwa walinufaika pale amri ilipotambuliwa kuwa sehemu ya ugonjwa.

3.0 Namna Tishu Inavyotengenezwa

3.1 Kutoka damu hadi seli shina

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Japani walionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga kwa kuingiziwa jeni nne. Mwaka 2007 walifanikiwa kwa seli za binadamu. Seli iliyorudishwa hivyo huitwa hapa seli shina rejeshwa. Ina sifa mbili: inaweza kujigawa bila kikomo, na inaweza kuelekezwa kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Yamanaka alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon.

Umuhimu wa ugunduzi huo kwa magonjwa ya moyo ni kwamba chanzo kinaweza kuwa damu au kipande kidogo cha ngozi. Seli zitokanazo nacho hubeba urithi uleule wa mwenye damu. Ikiwa mgonjwa amerithi kasoro ya mapigo ya moyo, seli za moyo zitakazokuzwa kutoka kwake nazo zitaibeba kasoro hiyo.

3.2 Kutoka seli shina hadi msuli unaovuta

Seli shina hupewa ishara za kikemikali kwa mfuatano unaoiga ukuaji wa kiinitete. Ishara moja huwashwa kwa siku chache, kisha huzimwa, na baada ya takribani wiki moja hadi mbili seli huanza kudunda. Hatua hii peke yake huzalisha utando wa seli zisizo na mpangilio. Ili kupata tishu, seli huchanganywa na ute wa kolajeni au fibrini na kumiminwa katika kijikalibu chenye nguzo mbili zinazonyumbulika. Ute unapoganda, seli hujipanga kati ya nguzo hizo na kuanza kuzivuta. Kadiri nguzo inavyopinda, ndivyo mtafiti anavyoweza kukokotoa nguvu ya mvuto. Msingi wa njia hii uliwekwa na Thomas Eschenhagen, Wolfram-Hubertus Zimmermann na wenzao nchini Ujerumani, waliochapisha mwaka 1997 matokeo ya tishu iliyotokana na seli za moyo wa kiinitete cha kuku.

3.3 Kuziunganisha neva

Nyuroni za simpathetiki hupatikana kutokana na seli shina zilezile, lakini kwa njia tofauti. Seli kwanza huelekezwa kuwa za ukingo wa neva, yaani kundi la seli za kiinitete ambalo baadaye huzaa neva za pembeni, na kisha huelekezwa kuwa nyuroni. Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Ili ziishi na kurefusha nyuzi zake, nyuroni huhitaji protini ya kukuza neva, ile iliyogunduliwa na Rita Levi-Montalcini na kumpatia, pamoja na Stanley Cohen, Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Msuli wa moyo wenyewe hutoa protini hiyo. Kwa hiyo moyo huziita neva zake.

Muunganiko hufanywa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, nyuroni na tishu ya moyo huwekwa katika vyumba viwili vinavyotenganishwa na mifereji myembamba sana. Miili ya nyuroni hubaki upande mmoja, na nyuzi zake pekee hupenya na kuufikia msuli. Njia hii huwezesha kila upande kupewa dawa yake. Katika njia ya pili, nyuroni huchanganywa na tishu au huwekwa kando yake hadi vishikane. Hapo mfanano na mwili halisi huongezeka, lakini uwezo wa kutenganisha sababu na matokeo hupungua.

3.4 Vigezo vya uthibitisho

Neva kuonekana karibu na msuli si ushahidi kwamba imeunganishwa nao. Mtahini au mtafiti anayeisoma kazi ya aina hii anapaswa kutafuta vithibitisho vitatu. Cha kwanza ni cha umbo: darubini ionyeshe kwamba nyuzi za neva zimefika juu ya seli za msuli na zina vifuko vya noradrenalini. Cha pili ni cha utendaji: nyuroni zikisisimuliwa kwa umeme au kwa mwanga, mapigo ya tishu yabadilike, ilhali tishu isiyo na neva isibadilike. Cha tatu ni cha kifamakolojia: dawa ya kuzuia vipokezi vya beta, kama propranololi, iyafute mabadiliko hayo. Kikikosekana kithibitisho cha tatu, huenda mapigo yalipanda kwa sababu umeme wa msisimuo uliufikia msuli moja kwa moja.

Mwaka 2016 Yohan Oh, Gabsang Lee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba nyuroni za simpathetiki zilizotokana na seli shina za binadamu zinaweza kuyaongoza mapigo ya seli za moyo. Waligundua pia kwamba nyuroni hizo hukomaa zaidi zinapogusana na msuli. Uhusiano huo basi ni wa pande mbili: neva huuamuru msuli, na msuli huilea neva.

4.0 Mchango wa Mbinu Hii

4.1 Kasoro zinazojificha wakati wa utulivu

Yapo magonjwa ya kurithi ambayo kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuwa cha kawaida mgonjwa akiwa amelala kitandani, lakini moyo ukavurugika ghafla anapokimbia, anapoogelea au anaposhtuka. Kijana aliyeonekana mzima huanguka uwanjani, na jamaa zake hubaki bila maelezo. Tishu ya msuli iliyokuzwa kutokana na seli za mgonjwa wa aina hiyo inaweza kuonekana haina dosari, kwa kuwa hakuna anayeiamuru. Neva zikiunganishwa na kusisimuliwa, dosari inaweza kujitokeza, kupimwa na kujaribiwa dawa.

4.2 Kovu la moyo na neva za kisukari

Baada ya sehemu ya moyo kufa kwa kukosa damu, neva za eneo hilo hufa pia. Baadaye nyuzi mpya huchipua kandokando ya kovu bila mpangilio. Sehemu moja ya msuli hupokea amri nyingi, ya jirani haipokei kabisa, na tofauti hiyo hufungua njia ya mapigo hatari. Vilevile, ugonjwa wa kisukari unaodumu huharibu neva za moyo, na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupata shambulio la moyo bila kuhisi maumivu ya kifua. Katika hali zote mbili, tishu isiyo na neva haina cha kusema.

4.3 Usalama wa dawa

Huu ndio mchango ulio karibu zaidi na maisha ya mgonjwa wa Ruvuma. Baadhi ya dawa za malaria na kifua kikuu huchelewesha hatua ya moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Halofantrini, iliyowahi kutumika kutibu malaria, ilihusishwa na vifo vya ghafla kwa sababu hiyo. Bedakwilini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya kifua kikuu sugu, ilitolewa ikiwa na tahadhari kuhusu kasoro hiyohiyo, na mgonjwa anayeitumia hupaswa kupimwa umeme wa moyo. Piperakwini nayo ina athari ya namna hiyo.

Mgonjwa halisi hanywi dawa akiwa ametulia kama seli zilizo katika kisahani. Ana homa, ana hofu, ana upungufu wa maji mwilini, na neva zake za simpathetiki zinafanya kazi kwa nguvu. Kupima dawa juu ya tishu iliyounganishwa na neva ni kuipima katika hali iliyo karibu zaidi na ile ambayo dawa hiyo itakutana nayo. Mwaka 2022 Marekani ilibadili sheria yake ili majaribio yasiyotumia wanyama, yakiwamo yanayotumia seli za binadamu, yakubalike kama ushahidi kabla dawa haijajaribiwa kwa watu. Dawa zinazoidhinishwa huko huweza kufika kwetu pia. Kwa hiyo mabadiliko hayo yanatuhusu.

5.0 Mipaka ya Mbinu

Ufafanuzi ulio wa haki hauna budi kutaja mipaka. Kwanza, seli za moyo zitokanazo na seli shina zinafanana zaidi na za kijusi kuliko za mtu mzima. Mwaka 2018 Kacey Ronaldson-Bouchard, Gordana Vunjak-Novakovic na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kuisisimua tishu changa kwa umeme, kwa kasi inayoongezwa kidogo kidogo, huisogeza kuelekea ukomavu katika muda wa wiki nne. Hata hivyo ukomavu kamili ni jambo jingine. Pili, tishu hizi ni ndogo, aghalabu za milimita chache, kwa kuwa seli za ndani hukosa oksijeni pasipokuwa na mishipa ya damu. Tatu, kazi nyingi hutumia neva za simpathetiki pekee. Neva ya vagasi, vifundo vya neva vilivyo ndani ya moyo, na ubongo wenyewe havimo.

Nne, na hili ni muhimu kwa eneo letu, yapo magonjwa ambayo mbinu hii haiyagusi vya kutosha. Ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi huanza pale kinga ya mwili, ikipambana na bakteria wa koo, inaposhambulia vali za moyo. Tishu isiyo na vali wala seli za kinga haiwezi kuuiga. Kinga ya ugonjwa huo ni kutibu maambukizi ya koo kwa penisilini mapema, na hakuna maabara itakayochukua nafasi ya tiba hiyo.

6.0 Masharti ya Kumfikia Mgonjwa wa Msamala

6.1 Seli za nani?

Urithi wa watu hutofautiana, na tofauti hizo huugusa moyo. Mwaka 2002 Igor Splawski na wenzake walieleza badiliko moja katika jeni ya SCN5A, inayohusika na njia za sodiamu katika seli za moyo. Badiliko hilo lilipatikana kwa takribani watu 13 kati ya kila Wamarekani 100 wenye asili ya Afrika, na huongeza hatari ya mapigo kuvurugika, hasa linapokutana na dawa fulani au upungufu wa potasiamu. Ikiwa dawa itapimwa kwa tishu zitokanazo na watu wenye asili ya Ulaya pekee, hatari ya namna hii itapita bila kuonekana.

Hoja hii ina mfano mwingine katika Afrika Mashariki. Mwaka 1948 J. N. P. Davies alieleza, kutokana na uchunguzi wake jijini Kampala, ugonjwa unaojaza kovu katika utando wa ndani wa moyo. Ugonjwa huo umeonekana pia katika nchi nyingine za kitropiki, ikiwamo Msumbiji, iliyo ng'ambo ya Mto Ruvuma. Zaidi ya miaka 70 baadaye chanzo chake hakijathibitishwa. Ugonjwa wa watu wachache wenye uwezo usingalisubiri muda huo wote. Seli za wagonjwa wenyewe zingewapa watafiti pa kuanzia.

6.2 Kumbukumbu, umeme na baridi

Ukuzaji wa seli huhitaji joto la nyuzi 37 lisiloyumba, hewa yenye kiwango maalumu cha kaboni dayoksaidi, na hifadhi ya seli katika naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Songea ilitegemea majenereta ya dizeli hadi njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018 na kuuunganisha mji na gridi ya taifa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini haimaanishi kwamba maabara ya seli shina inapaswa kujengwa Msamala kesho.

Mchango wa Songea unaweza kuanza mapema zaidi na kwa gharama ndogo. Tishu iliyokuzwa haina maana isipofungamana na historia ya mwenye seli: alianza lini kuugua, alianguka akifanya nini, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha nini, nani katika ukoo wake alifariki ghafla na akiwa na umri gani. Taarifa hizo hazipatikani katika darubini. Huandikwa na tabibu wa kituo cha afya anayemfahamu mgonjwa, na zikikosewa hapo hazirekebishiki Dar es Salaam wala ng'ambo. Kwa hiyo faili linalotunzwa vizuri ni sehemu ya kifaa cha utafiti.

6.3 Ridhaa na lugha

Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa katika Hospitali ya Johns Hopkins bila ridhaa yake. Zilikuzwa, zikasambazwa duniani kote na kuingiza fedha nyingi, huku familia yake ikiwa haina habari kwa miaka mingi. Seli shina rejeshwa nazo huweza kuishi kuliko mwenyewe. Nchini Tanzania, utafiti wa afya unaohusu binadamu huhitaji kibali cha maadili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya za mtu. Sheria hizo, hata hivyo, hutegemea jambo moja: mtu aelewe anachoombwa.

Hapa Kiswahili kina mtihani wake. Neno «mshipa» hutumika kwa njia ya damu, kwa neva, na pia kwa maradhi ya kinena. Mgonjwa akiambiwa kwamba «mishipa yake itakuzwa na kuunganishwa na moyo», anaweza kuelewa mambo matatu tofauti, na moja kati ya hayo ni upasuaji. Neno «moyo» nalo lina mzigo mkubwa zaidi. Kwa Mswahili, moyo ni kiungo na pia ni makao ya huba, huzuni, ujasiri na siri. Mtu huvunjika moyo, hutiwa moyo, huweka jambo moyoni. Kumwambia kwamba «moyo wake utatengenezwa maabarani» ni kumwambia zaidi ya kile ambacho mtafiti anakusudia.

Inapendekezwa basi kwamba fomu za ridhaa zitumie «neva» kwa njia za amri na «mshipa wa damu» kwa njia za damu, bila kuchanganya. Na badala ya «moyo» ziseme «kipande kidogo cha nyama ya moyo». Maelezo yanaweza kuwa mafupi: «Tunaomba damu kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Kutokana na damu hiyo tutakuza vipande vidogo vya nyama ya moyo na neva, vidogo kuliko punje ya mchele. Vipande hivyo havina hisia wala mawazo, na havitarudishwa mwilini mwako. Vinaweza kutunzwa kwa miaka mingi, hata baada ya maisha yako. Unaweza kukataa, na matibabu yako hayatabadilika.» Maneno ya namna hii yajaribiwe kwanza kwa wasikilizaji wa kawaida, wakiombwa kueleza upya walichoelewa, kabla ya sindano ya kwanza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuunganisha neva na tishu ya moyo ni njia ya kulijibu swali ambalo msuli pekee hauwezi kulijibu: ni kitu gani hutokea amri inapoufikia moyo wenye kasoro? Historia ya dawa za kuzuia vipokezi vya beta inathibitisha kwamba jibu la swali hilo huokoa maisha. Mbinu yenyewe bado ni changa. Haina mishipa ya damu, haina kinga ya mwili, na haiwezi kuueleza kila ugonjwa unaoua watu wetu.

Kwa Msamala, manufaa hayatakuja kwa kusubiri matokeo kutoka mbali. Yatategemea seli za watu wa eneo hili kuwamo katika hazina zinazotumiwa kupimia dawa, historia zao kuandikwa kwa usahihi, na ridhaa zao kuombwa kwa Kiswahili kisichoacha shaka. Sharti hili la tatu ni la wataalamu wa lugha kwa kiasi kilekile lilivyo la wataalamu wa tiba. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna wazungumzaji wa Kiswahili katika Mkoa wa Ruvuma wanavyoyaelewa maneno «mshipa», «neva», «seli» na «moyo» wanapokuwa mbele ya tabibu, ili istilahi zitakazopendekezwa zitokane na ushahidi wa matumizi.